Sato wa Sebuleni

Sikuomba samaki. Naanza na hilo kwa sababu kila anayeingia sebuleni kwetu hapa Kibeta huliona lile tangi la kioo, akageuka kunitazama na kusema, "Mwalimu, umejipatia starehe!" Starehe! Anayesema hivyo hajawahi kunyonya mpira wa maji ya samaki asubuhi kabla ya chai, yakamwingia mdomoni kabla hajautumbukiza kwenye ndoo. Mimi nimeyameza. Yana ladha ya dagaa waliolowekwa wakasahaulika.

Nilistaafu ualimu wa shule ya msingi nikidhani sasa nitapumzika. Mume wangu naye alikuwa ameacha biashara ya samaki. Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa akivuka kwenda visiwa vya Goziba na Bumbire kununua sato na sangara kwa wavuvi wa makambini, kisha anawaleta Bukoba mjini. Tulipanga kuitunza migomba yetu taratibu, kukaa barazani, kugombana kidogo ili siku ziende. Kisha akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mguu na mkono, na ulimi ukawa mzito. Mguu ulirudi, ingawa kwa kuburuta. Ulimi nao ulirudi, neno moja moja. Mkono ukagoma.

Mkono wenyewe ulikuwa ule aliokuwa akiwabonyezea samaki tumboni na kusema, "Huyu ni wa jana, usinidanganye." Sasa nikawa namlisha kwa kijiko. Mwanamume aliyezoea kuwafokea watu wa mizani alikuwa anafunua kinywa mbele ya mkewe, na kila kijiko kilipokaribia alifumba macho asinione. Kumgeuza kitandani nilizoea. Kumwogesha nilizoea. Yale macho yaliyofumbwa ndiyo yaliyonimaliza, na nilijua kwamba mkono usipoamka, tutakula hivyo hadi mmoja wetu azikwe.

Hospitalini kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mpole mwenye sauti ya chini. Alituambia vidole haviamki kwa kukandwa tu. Vinataka kazi ndogondogo, mara nyingi kila siku: kubana, kuinua, kuachia. Tena vinataka sasa, kwa sababu miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida, na mkono ukiachwa ulale utazoea kulala. Akanishauri maharage. Nimpe Mzee bakuli la maharage achambue, mawe na mabovu huku, mazuri kule.

Binti hakuwa wa kwetu, nadhani, au hakukulia kijijini. Mzee wa Kihaya wa umri ule achambue maharage? Nilimwekea bakuli mapajani hata hivyo. Akalitazama, akanitazama, akalisukuma kwa mkono wa kushoto, likaruka hadi chini ya kabati.

"Kazi... ya wanawake," alisema.

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu augue, na aliitumia kunitukana. Nilipiga magoti nikaokota maharage punje kwa punje, huku nalia. Watu hufikiri nililia kwa huzuni. Nililia kwa hasira, na magoti yalikuwa yananiuma.

Kijana wetu wa kwanza anafanya kazi Mwanza. Alipokuja kumsalimia baba yake alikuja na tangi la kioo limeviringishwa kwenye blanketi, pamoja na pampu ndogo ya hewa na chujio. "Baba amezoea samaki," alisema. "Acha awe na kitu cha kutazama, kuliko ukuta." Wazo halikuwa baya. Lakini ni nshomile yule, kasoma na anapenda ijulikane, basi alituketisha akatupa semina. Tangi halioshwi kwa sabuni hata siku moja. Mchanga wa ziwani unaoshwa na kurudiwa mpaka maji yatoke meupe. Maji ya bomba yana dawa, kwa hiyo yakae kwanza kwenye ndoo iliyo wazi kutwa nzima. Maji ya tangini hayabadilishwi yote, unatoa robo tu kwa wiki, kwa mpira, kutoka chini kwenye uchafu.

"Mbona yote nisitoe?" niliuliza.

"Mama, kwenye mchanga na kwenye chujio kuna vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki. Ukisugua kila kitu unaviua, na wewe ndio utabaki na uchafu."

"Vijidudu sebuleni kwangu?"

"Vizuri, Mama. Vijidudu vizuri."

Chakula nacho: mara moja kwa siku, mbili zikizidi, na kiasi wanachokimaliza kabla chai yako haijapoa. "Watakuja juu kila wakikuona, watafunua midomo," alisema. "Usiwaamini. Samaki haombi kwa sababu ana njaa. Anaomba kwa sababu amekuona."

Niliitikia kama mwanafunzi wa dawati la nyuma. Moyoni nilikuwa namcheka. Sisi tufundishwe samaki? Nyumba hii ilijengwa kwa samaki. Karo yake mwenyewe ililipwa kwa sangara. Kumbe ukweli ni kwamba tulikuwa tunawajua samaki waliokufa. Harufu, uzito, mashavu mekundu au meusi, hayo tungeyasema usingizini. Namna ya kumfanya samaki aamke kesho yake hakuna aliyewahi kuihitaji.

Kijana alitaka kutununulia samaki wale wekundu wa mapambo. Alimwonyesha baba yake picha kwenye simu. Mzee akageuza uso. "Midoli," akasema. Akataka sato. Basi shemeji yangu aliyechimba mabwawa ya samaki huko Muleba akatutumia vifaranga vya sato kwenye mfuko wa plastiki uliojazwa hewa, wadogo, urefu wa kidole, mmoja wao akiwa na mkia uliomegeka kidogo. Kijana akarudi Mwanza. Nikabaki na mgonjwa, migomba, na samaki.

Siku ile ya kwanza niliwalisha mimi. Nilikuwa nimetwanga dagaa wakawa unga laini, nikautia kwenye kifuniko cha kopo, nikachota kwa vidole na kuwamwagia.

"Nyingi," Mzee akasema kutoka kwenye kiti chake.

Nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo, nimefua mashuka, nimepika uji, nimebeba ndoo, halafu mtu ameketi ananisahihisha. "Basi lisha mwenyewe!" Nikambwagia kile kifuniko cha unga juu ya paja na kugeuka kwenda jikoni.

Sikufika. Niliona kivuli kikisogea kwenye kioo, nikageuka. Mkono wa kulia ulikuwa umenyanyuka. Ulitetemeka kama wa mtu aliyeshika moto, vidole viwili vikabana unga, mwingi ukamwagikia suruali, na kidogo sana kikafika majini. Wale sato wakakimbilia juu kwa fujo. Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi nilipiga kigelegele, niseme ukweli, peke yangu katikati ya sebule kama kichaa, na jirani akaja mbio kuuliza kuna nini.

Kuanzia hapo nilishikwa. "Walishe tena, Mzee." Asubuhi alilisha. Saa nne alilisha. Baada ya chakula cha mchana, kabla ya chai, na taarifa ya habari ikianza. Kijana alipiga simu na kuniuliza wanakula mara ngapi, nikamjibu, "Kama ulivyosema." Chai yangu ilipoa mara chungu nzima na unga bado unaelea. Nilikuwa nauona. Lakini vidole navyo nilikuwa naviona, wiki hii vinabana, wiki ijayo vinashika kikombe kitupu, na kati ya samaki na vidole sikuhitaji kufikiri.

Halafu kulikuwa na wageni. Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na ukishafika huondoki bila kutia kitu mdomoni, hata kama ni punje za akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Sasa wageni wakikaa na sahani zao, wale sato wanakuja kwenye kioo na kuwakodolea macho, midomo inafunguka na kufungika. Nani angeweza kula? Wifi yangu, dada yake Mzee, ambaye huja kunisaidia siku mojamoja, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumega kipande cha ndizi na kukitupia ndani.

"Wifi, hapana!"

"Waitu, jamani, nao si viumbe? Wanatutazama tunakula, wewe unaona raha?"

Baada yake walimega wote. Ndizi, mkate, kipande cha andazi. Maji yakawa kama ya kuoshea vyombo. Yakaanza kunuka, na harufu ya samaki iliyokuwa imetoka kwenye nguo za Mzee alipoacha biashara ikarudi nyumbani ikakaa.

Basi nikawa mtumishi wa tangi. Robo ya maji kwa wiki ikawa siku baada ya siku. Nanyonya mpira vile wavuvi wanavyonyonya petroli kwenye dumu, natema, natoa ndoo, namwagia migomba, narudi na ndoo nyingine iliyokaa kutwa. Umeme ukikatika pampu inanyamaza, samaki wanapanda juu kutweta, nami nasimama pale nachota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa, nachota, namimina, nachota, namimina, hadi bega linakufa ganzi. Nilikuwa nawafokea kama darasa la pili. "Nyie! Acheni kunitazama! Nendeni chini!" Siku moja nilijikuta nimelala nimekaa, kikombe mkononi, maji yamenilowesha mapaja.

Wa kwanza kufa alikuwa yule wa mkia uliomegeka. Nilimkuta anaelea, ubavu juu, kabla sijamtoa Mzee kitandani. Nilimfukia kwenye shina la mgomba na kunawa. Mzee alipoketi kwenye kiti chake alitazama tangi kwa muda. Nikamwekea unga mapajani haraka. Nilifikiri, nikimwambia samaki wanakufa ataacha kuwalisha, na mkono utarudi kulala. Nikampigia simu shemeji wa Muleba, naye akamtuma mtu aliyekuwa anakuja mjini. Alipokufa mwingine, nikapiga tena. Sato kwa sato, nani angejua?

Kisha akina mama wa usharika wakasema watakuja Jumamosi kumwombea mgonjwa. Mwanamke anayejua maana ya usharika kuja kuomba nyumbani kwake ananielewa. Nilipiga deki hadi chini ya vitanda, nikafua mapazia. Nikalitazama lile tangi, kijani kwenye pembe, utelezi kwenye mchanga, nikasema haiwezekani, akina mama wakute uchafu huu. Nikawatia samaki kwenye beseni. Nikamwaga maji yote. Nikausugua mchanga kwa mikono miwili kama nasugua sufuria, nikalisuuza chujio bombani hadi likawa jeupe kama jipya, nikajaza maji hayohayo ya bomba yaliyotoka muda ule, kwa sababu ndoo zote nilikuwa nimepigia deki. Lilimetameta! Akina mama walilisifu. Mmoja alisema ningefungua hoteli.

Jumapili asubuhi walikuwa wanaelea wote.

Nilisimama pale na kanga yangu begani. Sikulia. Nilihisi tu kwamba kama kuna mtu angenisukuma kidogo ningeanguka na nisingeona sababu ya kuinuka. Niliwafukia kwenye migomba Mzee akiwa bado kitandani. Nilimwambia leo apumzishe mgongo, nikamwita wifi akae naye, nikaenda Muleba mwenyewe.

Shemeji alinikuta nimekaa ukingoni mwa bwawa lake. Alinitazama, akatazama mfuko mtupu mikononi mwangu.

"Shemeji, niambie tu ukweli. Unawakaanga?"

Nilicheka, halafu kicheko kikageuka. "Shemeji, nimechoka," nilisema. "Nimechoka mpaka nywele. Mimi sifugi samaki. Nafuga mkono."

Alivua wavu mmoja, akanichagulia wadogo wenye nguvu, akafunga mfuko. Aliniambia nile kwanza. Sikuwa na njaa.

Nilirudi alasiri nikiwa nimepanga nipitie mlango wa nyuma. Lakini wifi, kwa wema wake, alikuwa ameshamtoa Mzee kitandani na kumkalisha palepale penye kiti chake, mbele ya tangi lisilo na samaki. Mzee alikuwa ameketi pale tangu asubuhi anatazama maji. Wifi alikuwa jikoni anaimba.

Sikuwa na la kufanya ila kuendelea. Niliuweka mfuko majini ukaelea kwanza, joto lilingane, kama kijana alivyotufundisha, kisha nikaufungua na samaki wakatoka. "Haya," nilisema kwa sauti ya darasani. "Nilikuwa nimewahamisha niwasafishie. Wamerudi."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na haraka. Ndivyo alivyokuwa akitazama kreti.

"Si wale," akasema.

"Ni walewale, Mzee."

"Si wale." Mkono wa kulia ukanyanyuka, kidole kikaonyesha kioo. "Na wa juzi... si wale. Wa kwanza... mkia. Umemegeka. Huyo... alikufa zamani."

Nilikuwa nimemdanganya mtu aliyeishi kwa kuwatofautisha samaki, na nilikuwa nimemdanganya kwa samaki.

"Ulijua muda wote?"

"Nilijua."

"Na ukaendelea kuwalisha? Unawaona wanakufa, unawalisha? Mimi nanyonya mpira kila siku, nabeba ndoo, nimetoka Muleba sasa hivi, na wewe umekaa hapo unajua! Kwa nini hukusema?"

Alitafuta maneno. Ulimi ulimchukua muda, na mimi sikumsaidia kama ninavyomsaidiaga siku nyingine. Nilikuwa na hasira.

"Ukinilisha mimi," alisema, "hucheki." Akapumua. "Nikilisha samaki... unacheka."

Nilikaa chini. Sakafuni, mgongo kwenye miguu ya meza iliyobeba tangi, na pampu ikaniungurumia nyuma ya sikio. Kumbe kila kijiko alikuwa akifumba macho ili asiuone uso wangu. Sikuwa nimewahi kufikiri uso wangu ukoje ninaposhika kile kijiko.

"Mzee, nimechoka," nilimwambia. Nilikuwa nimemwambia shemeji, nilikuwa nimewaambia samaki, yeye nilikuwa sijamwambia.

"Najua."

Hatimaye niliinuka kwa kushika meza, na kwa mazoea nikachukua kifuniko cha unga wa dagaa nikamwekea pajani. Akabana kidogo, kidogo sana, akawanyunyizia. Wakamaliza mara moja, wakarudi juu na midomo yao wazi. Nikangoja abane tena. Akakisukuma kifuniko pembeni.

"Wameshiba."

"Lakini mkono, Mzee! Mkono unataka kazi. Yule binti alisema usipoutumia..."

Aliutazama mkono wake, umelala pajani na unga kwenye kucha. Akautazama mlango wa jikoni, ambako dada yake alikuwa bado anaimba.

"Lete maharage," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Maharage?"

"Lete. Funga mlango... kwanza."

Nilifunga mlango. Nikamletea bakuli, na jingine tupu, nikaketi kando yake nisiseme kitu, maana nilijua nikifungua mdomo nitaharibu. Alibana punje ya kwanza, ikamponyoka. Alibana ya pili. Alikuwa anaitazama kila punje kwa dharau, pande zote mbili, kama anayeuziwa. Mawe aliyarusha chini, sikumkataza. Wifi aligonga akitaka kujua kwa nini tumejifungia mchana kweupe, tukamwambia tunaomba.

Maharage hayo niliyapika jioni ileile, na ndizi. Nilimfungia kitambaa shingoni nikampa kijiko mkononi, mkono ule wa kulia. Mengi yalimwagika kabla ya kufika. Yaliyofika alitafuna taratibu huku ananitazama, macho wazi, nami nikawa namtazama, nikijitahidi na uso wangu. Katika kijiko changu cha tatu au cha nne nikauma kitu kigumu. Nilikitoa, nikakiweka ukingoni mwa sahani yake akione.

"Hili umeliacha."

Akainama kulikagua lile jiwe.

"Dogo," alisema, akachota tena.